Marahaba Iliyozidi

Majina yao wote ninayo kichwani. Wanawake niliokuwa nikianika nao dagaa pale ufukweni nitakutajia kuanzia kwenye jiwe kubwa mpaka kwenye matete, kila mmoja na jina la baba yake, na jina la utani, na nani alikuwa jirani wa nani. Lakini humu siandiki hata moja. Majina hayo niliwahi kuyatoa kwa moyo mweupe, nikaona yalikokwenda. Sasa nayabana.

Aliyeniomba majina alikuwa mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Alirudi kutoka Dar na begi moja na kompyuta, akasema amepata kazi ambayo ataifanyia hapa hapa kwangu Igogo, Mwanza. Nilifurahi, maana magoti yangu hayataki tena ngazi za mawe za huku kwetu, na nyumba ilikuwa imenyamaza mno tangu babu yake afariki. Ila kazi yenyewe sikuielewa. Aliisogeza meza mpaka dirishani, akavaa vile vidude vya masikioni, akawa anashinda hapo. Jirani yangu wa mlango wa pili, anayekaanga samaki kibarazani kwake, alichungulia siku moja akaniuliza, "Huyu mtoto kajifungua?"

"Kajifungua nini?"

"Mbona anashinda ndani kama mzazi?"

"Yuko kazini."

"Kazini na kanga kiunoni! Mungu nipe na mimi kazi hiyo."

Mjukuu wangu mimi namwita mke mwenza, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na yeye ananiita mke mkubwa. Siku moja nachambua maharage nikamwuliza, "Mke mwenza, hebu niambie. Hapo mezani unapika nini?"

Akavua vya masikioni. Akasema anatengeneza ukurasa wa kwenye simu kwa ajili ya wauza dagaa. Wanawake wa huku mjini, na wa visiwani, na wa ng'ambo kule Sengerema, waione bei ya wanunuzi palepale inapobadilika, na waweze kuongea na wanunuzi humo humo.

"Zamani mkitaka kujua bei mlikuwa mnafanyaje?" akaniuliza.

"Tunatuma mtoto kwa tajiri."

"Akirudi?"

"Anasema bado ile ile. Tunamtuma tena. Mwisho mtoto anachoka, anakwenda kuogelea, na bei inapanda yeye yuko majini."

Akacheka. "Basi simu nyingi ziko kama huyo mtoto. Zinakwenda kuuliza, zinarudi, zinakwenda tena. Hii yangu haitumi mtoto. Inafungua mlango mara moja na mlango unabaki wazi. Tajiri akibadilisha bei anaita kutoka kule aliko, nyie mnasikia. Na nyie mkitaka kusema neno mnasema, hakuna kupiga hodi upya. Inaitwa websoketi."

Soketi ninayoijua mimi iko ukutani na watoto wanakatazwa kuigusa. Nikamwambia hivyo, akasema siyo hiyo. Nikaitikia kama niliyeelewa.

"Ubaya wake," akasema, "huo mlango unaweza kufungwa upande wa pili, na wewe huku ukaona bado uko wazi. Unaongea peke yako. Mwenzako alishaondoka, labda mtandao umekatika, labda simu imezima."

Mlango ulio wazi ambao umefungwa. Niliendelea na maharage yangu.

"Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kuujaribu huo mlango," akaendelea. "Na siwezi kuujaribu kwa mkono, nitazeeka hapa kama wewe. Naiandikia kompyuta: tengeneza watu, waingie, wasalimie, wasubiri kuitikiwa, watoke. Mwingine umkatie mtandao katikati ya maneno, uone kama atarudi. Kompyuta inafanya yenyewe, hata mimi nikiwa sokoni. Mambo yakienda sawa inaniwekea alama ya kijani. Yakiharibika, nyekundu."

"Watu gani hao?"

"Si watu, Bibi. Ni majaribio."

"Umesema watu."

"Watu wa kompyuta. Wa uongo."

"Na wanasalimia?"

"Nimewafundisha adabu!" Hapo alijisikia sana. "Kila anayeingia anasema shikamoo. Upande wa pili yuko mwingine anaitikia marahaba. Ikija marahaba moja, kijani. Isipokuja, nyekundu. Zikija mbili, nyekundu vilevile, kwa sababu neno moja limefika mara mbili, na kesho itakuwa ni bei imefika mara mbili, watu washikane mashati."

Nikamwuliza hao watu wake wanaitwa nani. Akasema Mtu wa Kwanza, Mtu wa Pili, Mtu wa Tatu. Hapo nilimkatalia. Huwezi kumpa mtu shikamoo mdomoni halafu ukamnyima jina. Mtu wa Kwanza ndiye nani, wa ukoo gani, nyumbani kwao wapi? Anayemwitikia atasema nini baada ya marahaba, kama hajui anamwuliza habari za nani?

"Haya, nipe majina wewe," akasema, vidole vimeshakaa tayari.

Nikampa. Niliyatoa kama tulivyokuwa tumekaa, kila mwanamke na sehemu yake ya mchanga. Ndivyo ninavyowakumbuka, kwa mstari. Ukiniambia nimtaje mmoja wa katikati nitaanza kwanza na wa kwenye jiwe. Wote walikuwa hai, na wadogo kwangu, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa jirani yangu wa mkono wa kulia, dada yetu mkubwa pale ufukweni, aliyenifundisha kugeuza dagaa kabla mvua haijashuka, na kila asubuhi nilikuwa nampigia goti. Alihamia kwa mwanawe Sengerema na huko akafia. Nilivuka maji nikaenda kumzika, udongo nimeutia kwa mkono wangu huu. Lakini kwenye mstari sikuweza kumruka. Ukimruka yeye, mimi ninakuwa nimekaa bega kwa bega na yule wa upande wake wa pili, na yule tulikuwa hatuelewani.

Yote mjukuu wangu akayaandika. Lile la watu wa uongo lilikuwa limeshanitoka kichwani, nikadhani anataka kuwapelekea wenyewe habari ya biashara.

Halafu akanipa simu. Ilikuwa simu yake ya zamani, ya kupangusa, kioo kimepasuka pembeni. Akanifungulia ule ukurasa, akaziongeza herufi zikawa kubwa kama za bango la kanisani, akasema, "Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza. Ukiona kitu kibaya niambie." Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, chini ya bati. Nasoma, lakini nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, natazama kwanza pa kukanyaga.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Ukurasa mweupe, na mimi nautazama. Kisha asubuhi moja simu ikatetemeka mapajani. Nikaiinua. Pale juu likaandikwa jina la mwanamke wa kwenye jiwe kubwa, na chini yake: Shikamoo.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Huyo yuko hai, anaishi na binti yake, ila miaka imepita hatujaonana kwa ajili ya miguu yake na ya kwangu. Nikasema binti yake kamnunulia simu. Nikaanza kumwitikia. Nikatafuta M, nikaibonyeza. Nikatafuta A. Nilipofika kwenye B nikaona pameandikwa kwamba ametoka. Nikamalizia hivyo hivyo, nikaituma. Nikasema moyoni, huyu hakuwahi kuwa na subira, hata dagaa alikuwa anawaanua wabichi.

Mara akaingia wa pili. Shikamoo. Kisha wa tatu. Ufukwe mzima unanisalimia, na wamefuatana vilevile tulivyokuwa tumekaa! Hakuna aliyeuliza habari za nyumbani, hakuna aliyeuliza watoto. Anasema shikamoo, anatoka. Nilishindwa kuelewa. Wanawake wale ninaowajua, mmoja akikusalimia ugali unaweza kuungulia jikoni kabla hajamaliza.

Nikaenda mlangoni kwa mjukuu wangu. "Hivi wale wanawake wangu umewapelekea simu?"

Alikuwa na vidude masikioni. "Mmh, Bibi," akasema, macho kwenye kioo.

Nikashika hilo.

Jirani nilimweleza. Alikuwa anageuza sato kwenye mafuta. "Wanakusalimia halafu wanaondoka?" akauliza. "Hao wanataka kukukopa. Wanaanza mbali."

"Wote kwa pamoja?"

"Wameambiana. We subiri."

Nikasubiri, hakuna aliyeniomba kitu. Walikuja asubuhi, wakaja mchana, wengine walikuwa wanakuja mara nyingi kwa siku moja kana kwamba wamesahau walishanisalimia. Hilo lilinitia huruma. Nikasema wamezeeka, akili zinawaruka. Na mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia mbona umeshanisalimia, utamwumiza. Unaitikia tu. Nikawa nimekaa na simu kibarazani, naitikia. Maharage yaliungua nisijue. Baada ya siku chache simu yenyewe ilinizoea: nikibonyeza M peke yake, inaniletea neno zima, marahaba, nakubali kwa kidole basi. Nikawa mwepesi. Wengine niliwawahi kabla hawajatoka, na nilifurahi kama mtu aliyewahi kivuko.

Siku hizo hizo mjukuu wangu alianza kunyong'onyea.

Kwanza alilalamika peke yake. "Jana kijani, leo nyekundu. Sijagusa kitu!" Akajaribu tena, ikawa kijani. Akacheka. Akaenda kuoga, akarudi akakuta nyekundu. Aliacha kula. Namwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, ambavyo tangu utoto wake huwa havibaki mezani, naikuta sahani kama nilivyoiweka. Kisha nikasikia akiongea na bosi wake, kijana fulani wa Dar ambaye sauti yake nilishaijua, maana alipenda kupiga wakati wa chakula. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje.

"Dada, mimi nakuamini," bosi alikuwa anasema. "Wenye mradi, wanaotoa hela, hawakujui. Ijumaa wanaangalia majaribio. Wakikuta nyekundu wanasema msichana hajui kazi, tunampa mwingine. Muda wako wa kujaribiwa unaishia hapo hapo."

"Nikishindwa Ijumaa, basi?"

"Ukishindwa Ijumaa sitakuwa na la kukutetea."

Alipokata, aliisukuma kompyuta pembeni. Nikamwuliza itakuwaje. Akasema kazi ikipotea atarudi Dar kutafuta nyingine, maana kwa kazi za namna hii Mwanza bado hapana kitu. Alisema taratibu, kama anayenitayarisha. Mimi nikaenda jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Nilitaka kumsaidia. Nilimwuliza kosa lenyewe ni lipi, akanieleza vizuri kabisa, na kila neno nililisikia. "Kuna marahaba inayozidi, Bibi. Mtu anaingia, anasema shikamoo, anaitikiwa mara moja inavyotakiwa. Halafu inakuja marahaba nyingine, sijui inatoka wapi. Na haiji kila mara! Ingekuwa inakuja kila mara ningeikamata. Inakuja ikijisikia. Na ajabu yake, nikiangalia imetoka kwa nani, inaonyesha imetoka kwangu mwenyewe."

Nikatikisa kichwa. Simu ilikuwa imelala mapajani kwangu. Nilifikiri kwa bidii, kwa sababu nilimpenda na sikutaka aende.

"Labda ni mwangwi," nikamwambia. "Haya mawe ya Igogo. Ukiita hapa, jabali la kule linakurudishia sauti yako."

Akanitazama. "Mwangwi," akasema polepole. "Bibi! Inawezekana seva inanirudishia neno langu mwenyewe." Akarukia kompyuta. Kutwa nzima akautafuta mwangwi, na mimi kutwa nzima, kibarazani, nikaendelea kuwaitikia wenzangu, nikiwa nimeridhika kwamba leo nimesema jambo la maana. Mwangwi hakuupata. Akapoteza siku.

Jirani naye alikuwa na dawa yake. "Kuna mtu anaichungulia kazi ya mtoto," akasema. "Mwambie tuiombee hiyo mashine ikiwa inafanya kazi." Tukaomba, mimi na yeye na mjukuu wangu, tumeizunguka kompyuta kama mgonjwa. Ombi lilikuwa refu, jirani hajui kufupisha. Tulipofumbua macho palikuwa pekundu, kwa sababu hata katikati ya ombi simu ilinitetemekea, na kidole kilikuwa kimeshazoea. M, kisha neno zima. Sikuona kosa. Salamu ni salamu, hata kanisani mtu akikugusa bega unaitikia kwa kichwa.

Alhamisi ilifika.

Nilikuwa nimekaa kivulini, upande ambao jua halifiki mpaka alasiri. Simu ikatetemeka. Nikaisoma, nikaisogeza karibu na macho. Lilikuwa jina la dada yetu mkubwa, yule niliyemzika Sengerema. Na chini yake: Shikamoo.

Kabla ya siku hiyo alikuwa hajanifikia, au alipita nikiwa nimesinzia, sijui. Nikaliangalia lile jina herufi kwa herufi, nikidhani macho yananidanganya. Lilikuwa lenyewe, na jina la baba yake. Kwamba amekufa nilijua, mimi sikuchanganyikiwa kiasi hicho. Lakini kilichonitatiza sicho hicho. Kilichonitatiza ni kwamba aliniamkia yeye. Huyu mwanamke nilimpigia goti miaka yote ile. Hata nilipopata wajukuu, goti langu lilikwenda chini kwake. Sasa nani kamgeuza? Kule aliko amenizidi zaidi, iweje aje kunipa mimi shikamoo? Nikiitikia marahaba, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ndiye mkubwa. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwacha mtu mlangoni.

Sikuamini kama ni yeye. Kutoitikia nako sikuweza.

Nikaiacha ile M. Nikaandika kwa herufi zangu mwenyewe, haraka kuliko nilivyowahi kuandika maishani: Dada shikamoo ni yangu mimi. Nikaituma.

Ndani kiti kikaanguka.

"Nani?" mjukuu wangu alipiga kelele. "Nani kaandika hivi? 'Dada shikamoo ni yangu mimi.' Nani huyo?" Akatoka mbio mpaka kibarazani, akitazama kushoto na kulia kana kwamba mwizi bado yuko kwenye ngazi. Kisha akanitazama mimi. Akatazama kidole changu, kilikuwa bado hewani.

"Bibi, unafanya nini?"

"Namwamkia dada."

"Dada gani?"

Nikamtajia. Akachukua simu, akaiangalia, akapanda juu kwa kidole, akapanda tena. Marahaba, marahaba, marahaba, mpaka alipochoka kupanda.

"Hizi zote wewe?"

"Wamenisalimia. Ulitaka nikae kimya?"

Alikaa chini sakafuni. Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakawa yanatoka, na mimi sikujua nimpe pole au nimpe hongera. Jirani akaja na mwiko wake mkononi kuuliza nani kafa. "Aliyekufa alishakufa," nikamjibu, "ndiye niliyekuwa naongea naye." Akarudi kwake mbio, mwiko unadondosha mafuta.

Mjukuu wangu alinieleza. Wale wanawake ndio wale watu wake wa kompyuta, amewavika majina niliyompa. Simu yangu aliiingiza kwa jina lake mwenyewe, akaniweka chumba kimoja na majaribio bila kukumbuka. Nilipokuwa mzito wa kuandika, marahaba yangu ilifika jaribio limeshakwisha, ikawa kijani. Simu iliponizoea nikawa mwepesi, nikafika ndani ya jaribio, ikawa nyekundu. Hayo yote aliyasema polepole, ameushika mkono wangu, kisha akanikataza kuitikia tena, na simu akabaki nayo. Nilichoelewa ni kwamba wakati wote ule nilikuwa nawaitikia watu ambao hawapo, kwa majina ya watu waliopo, na wale wa kweli huko makwao hawajui kama niliwakumbuka. Na kosa langu lilikuwa nini hasa, bado sikulishika. Shikamoo iliandikwa. Mimi niliisoma.

Akampigia bosi. Sauti ya nje.

"Tatizo nimelipata," akamwambia. "Ni bibi yangu."

"Anaumwa? Pole sana."

"Haumwi. Anaitikia shikamoo."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Bosi, upo?"

"Nipo. Rudia."

Akarudia. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. "Kwa hiyo," akasema, "mtu wa nje anaweza kuingia chumba cha majaribio akasema neno, na mlango unampokea."

"Ni bibi tu, na simu ilikuwa yangu."

"Leo bibi. Kesho mtu aingie aandike bei ya uongo, wale wanawake wauze kwa hasara. Dada, hili kosa ni lako, siyo la bibi. Ufunge huo mlango. Na uniwekee jaribio linaloonyesha kwamba umefungwa. Kesho kabla wenyewe hawajaangalia. La sivyo ni yale tuliyoongea."

Mjukuu wangu alifanya kazi mpaka nikalala nikamwacha. Asubuhi nilimkuta amevaa gauni zuri, ingawa yule bosi hamwoni. Macho yamemwiva.

"Bibi," akasema, akanirudishia ile simu ambayo jana yake alininyang'anya. "Sasa nisikilize. Wakikusalimia leo, itikia."

"Jana umenikataza."

"Leo nataka uitikie. Kwa nguvu zako zote."

"Si watu, umesema."

"Si watu. Itikia hivyo hivyo."

Nilimwangalia kama ana homa. Simu ikatetemeka. Alikuwa yule wa kwenye jiwe. Nikabonyeza M, neno likaja, nikalituma. Kioo kikaniletea maandishi mekundu: Huruhusiwi.

"Imenikatalia!" nikasema.

"Eeeh!" Akaruka. "Tena, Bibi, bonyeza tena!"

Nikabonyeza. Huruhusiwi. Akapiga makofi. Wa pili akaja, nikaitikia, nikakataliwa. Wa tatu, nikakataliwa. Mimi nafukuzwa mlangoni, na mtoto niliyemlea anashangilia! Nikamwuliza kama maandishi ni mekundu, mbona yeye anafurahi, si alisema nyekundu ni ubaya? Akasema nyekundu yangu ndiyo inayomletea yeye kijani. Akasema mimi nikikataliwa ndipo jaribio linakuwa limefaulu. Akaiandikia kompyuta ifanye kama nilivyofanya mimi, iingie kwa kujipenyeza na ikataliwe, ili nisiwe nahitajika tena kukaa hapo nikifukuzwa kutwa. Nikamwambia asante, ingawa sikujua namshukuru kwa nini.

"Na dada yetu?" nikauliza. "Nani anamwitikia sasa?"

"Kompyuta, Bibi."

"Inamwitikia marahaba?"

"Ndiyo."

"Si sawa hiyo."

"Najua si sawa. Niache leo ipite, nakuomba, mke mkubwa. Leo sigusi hata nukta."

Nikamwacha. Aliwasha yote kwa pamoja, akakaa mikono chini ya mapaja asije akagusa kitu. Mstari mmoja mmoja ukawa unatokea, wa kijani, na mwingine, na mwingine. Sikuhesabu, nilikuwa namtazama yeye usoni, ndipo nilipoelewa mambo yanakwendaje. Ulipofika wa mwisho alishusha pumzi hata kanga iliyokuwa begani ikaanguka.

Wenye mradi waliangalia huko huko waliko. Sisi tulikaa. Jirani alituletea vichwa vya sangara kwa kuwa alisikia leo ndiyo siku, akakaa naye. Simu ilipolia mjukuu wangu aliitazama ikalia mara mbili ndipo akaipokea.

"Wameridhika," bosi akasema. "Lile jaribio la kumkatalia mtu wa nje ndilo walilolipenda kuliko yote. Jumatatu tunaendelea. Mkataba nautuma leo."

"Nabaki Mwanza?"

"Baki popote. Kazi si inafika?"

Jirani akapiga kigelegele, nikamziba mdomo. Mjukuu wangu alikuwa amefumba macho.

"Na bibi yupo hapo?" bosi akauliza.

"Yupo."

"Shikamoo, Bibi."

Kidole nilikikunja ndani ya ngumi. Nikamtazama mjukuu wangu nione hii ni ile ya kuitikiwa au ni ile ya kuachwa. Jana niliambiwa nisiitikie. Asubuhi niliambiwa niitikie kwa nguvu. Nilipoitikia nilikataliwa, na nilipokataliwa nilipigiwa makofi. Sasa kuna sauti inasema shikamoo, uso wake siuoni, jina lake sijalipewa, na kazi ya mtoto ndiyo kwanza imepona.

"Shikamoo, Bibi," sauti ikarudia. "Hanisikii?"

"Anakusikia," mjukuu wangu akasema. "Bibi, huyu ni mtu. Mwitikie."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kazi haitaharibika?"

Kule Dar nikasikia vicheko vingi, kumbe hakuwa peke yake.

"Haitaharibika, Bibi."

"Marahaba," nikasema, kwa mdomo, si kwa sauti kubwa sana, nikageukia kompyuta na kungoja nione kama kutatokea kitu chekundu.